Nilivyopima mirija ya plastiki kwa damu ya binadamu hapa Nairobi

Mteja wetu ana kiwanda kidogo cha plastiki Industrial Area. Mirija ya dripu alikuwa ameizoea miaka mingi, sasa akataka kujaribu mirija ya kupitisha damu, ile inayofungwa kwenye mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Alikuja maabara kwetu na swali moja: damu ikipita humu, itaharibika?

Swali hilo lina maswali kadhaa ndani yake, na kiwango cha kimataifa cha ISO 10993-4 huyatenganisha. Chembe nyekundu zinapasuka? Damu inaganda? Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinanata kwenye plastiki na kupungua katika damu? Ule mfumo wa kinga uitwao komplementi unaamshwa? Maabara nyingi ndogo hujibu la kwanza tu, kwa kuwa ni rahisi na halina gharama kubwa, kisha zinaandika kwamba kifaa kinapatana na damu. Mimi sikubaliani na desturi hiyo. Plastiki inaweza kuziacha chembe nyekundu salama kabisa na bado ikagandisha damu ndani ya dakika chache. Kioo ni mfano mzuri: hakipasui chembe, lakini kikigusana na plazima, yale majimaji ya damu, huamsha kigandishi namba 12 na mgando unaanza.

Kilichonitoa jasho zaidi ni kupata damu inayofaa, kuliko mashine zote. Damu ya mfuko kutoka benki ya damu haifai kwa kazi hii, hata ungepewa bure. Imekaa kwenye friji, chembe sahani zake hazifanyi tena kazi inavyopasa, na chembe nyekundu zilizokaa muda mrefu hupasuka zenyewe bila kuguswa na mrija wowote. Isitoshe, kuna wagonjwa wanaoisubiri. Kwa hiyo ilibidi tutafute watu wa kujitolea, na hilo maana yake ni kamati ya maadili, fomu za ridhaa kwa Kiswahili na Kiingereza, na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Anayepanga kazi kama hii aanze na makaratasi kabla hajanunua hata tyubu moja.

Wachangiaji walikuwa wengi wao wanafunzi. Nilijifunza mapema namna ya kuwauliza. Ukimuuliza mtu, "Umetumia aspirini?" atakujibu hapana, na kwa ufahamu wake hasemi uongo. Lakini vidonge vingi vya kichwa vinavyouzwa dukani huchanganya aspirini, parasetamoli na kafeini, na mnunuzi anavijua kwa jina la pakiti tu. Nikabadilisha swali: "Ukiumwa kichwa huwa unanunua nini?" Majibu yakabadilika. Aspirini huzima chembe sahani kwa muda wote wa uhai wake, siku 7 hadi 10, kwa hiyo aliyemeza juzi tulimwomba arudi baada ya wiki mbili. Nyama choma nayo ina shida yake. Mtu akishiba mafuta, plazima yake inakuwa nyeupe kama maziwa, na kipimo chochote kinachotegemea mwanga kinapotoshwa. Tukaomba waje asubuhi kabla ya kula, na chai na mandazi vikawangoja baada ya kutoa damu.

Utoaji wenyewe niliuacha kwa sista mmoja mwenye mkono mwepesi. Sindano nyembamba kupita kiasi, au bomba la sindano likivutwa kwa nguvu, huzipasua chembe kabla hazijaona plastiki yako. Alitumia sindano ya geji 21, akalegeza mpira wa mkononi mara tu damu ilipoanza kutoka, na tyubu ya kwanza akaitupa, kwa sababu ile damu ya mwanzo huwa imechanganyika na majimaji ya kidonda kidogo cha sindano, na hayo huchochea mgando. Tyubu zilizofuata zilikuwa na vizuia mgando: sitrati kwa vipimo viwili, na heparini kidogo kwa kipimo cha tatu. EDTA, kizuia mgando kingine, hatukuitumia kabisa wakati wa kutoa damu. Inafunga kalsiamu na magnesiamu, na bila hizo hakuna mgando wala komplementi. Ukiitumia, kila kifaa duniani kitafaulu.

Halafu kuna safari. Kliniki iko Upper Hill na sisi tuko Ngara, na damu ya kupima chembe sahani inatakiwa kutumika ndani ya saa nne. Haiwekwi kwenye barafu, kwa kuwa chembe sahani zikipata baridi zinabadilika umbo. Haitikiswi ovyo pia, na hapo boda boda ikakataliwa, ingawa ndiyo ingepenya foleni ya Haile Selassie. Tuliamua kumleta sista na wachangiaji maabara kwetu. Nauli ilikuwa nafuu kuliko damu ya kumwaga.

Kipimo cha chembe kupasuka hakina maajabu. Tulifuata ASTM F756, kiwango cha kipimo hicho, ingawa wengi wanaokifuata hutumia damu ya sungura. Unazimua damu hadi hemoglobini ifike miligramu 10 kwa mililita, unaiweka pamoja na vipande vya mrija kwenye nyuzi joto 37 kwa saa 3, unageuza tyubu taratibu kila nusu saa, kisha unazungusha kwenye sentrifuji na kusoma wekundu wa majimaji ya juu kwenye nanomita 540. Maji matupu yasiyo na chumvi hupasua chembe zote, hiyo ndiyo asilimia mia. Bufa pekee, yale maji ya chumvi ya kuzimulia, ndiyo sifuri. Chini ya asilimia 2 huhesabiwa kuwa hakuna upasukaji, 2 hadi 5 ni kidogo, zaidi ya 5 kifaa kina tatizo. Damu ya kila mchangiaji tuliipima peke yake, kwani ukichanganya makundi ya damu chembe hushikamana. Mrija ulipita kwa wote, chini ya 2. Mteja akafurahi, akataka cheti siku hiyohiyo.

Nikamwomba asubiri mgando. Hatukuwa na mashine ya mgando, lakini kuna njia inayotumia spektrofotomita, kile chombo tulichosomea wekundu. Unadondosha damu yenye sitrati juu ya plastiki, unaongeza kloridi ya kalsiamu ili mgando uanze, na baada ya dakika kadhaa unamwagia maji. Chembe ambazo hazijanaswa kwenye bonge hupasuka na kutoa wekundu wake, zilizonaswa hubaki. Wekundu ukipungua haraka, uso ule unagandisha haraka. Damu ya juu ya kioo iliganda kwanza kama tulivyotarajia, na mrija wa mteja ukakaa karibu na mrija ulionunuliwa wa hospitali.

Kipimo cha tatu ndicho nilichokipenda. Mtafiti aitwaye Chandler alikieleza mwaka 1958: mrija unafungwa kuwa duara, unajazwa damu nusunusu, unazungushwa ndani ya maji ya nyuzi 37, na damu inapita juu ya plastiki kama inavyopita kwenye mashine. Kifaa cha kununua kilikuwa ndoto. Fundi mmoja wa Kamukunji alinichomelea fremu, na mota tuliipata Barabara ya Kirinyaga, mota ya waipa za gari, tukaipunguzia volti hadi ikazunguka polepole. Fundi aliniuliza, "Madam, hii ni ya kuchanganya rangi?" Nilipomwambia ni damu, alicheka, kisha akaongeza kinga ya mnyororo bila malipo. Stima ilikuwa ikipotea mara kwa mara, kwa hiyo mota na hita vilikaa kwenye betri muda wote.

Heparini tuliweka kidogo tu, kama yuniti 1 kwa mililita. Ukiizidisha unaficha kila kitu. Baada ya mzunguko tuliongeza EDTA, sasa ndipo inapofaa, ili chembe zibaki zilivyo, na tukazihesabu kwa mashine ya hesabu kamili ya damu. Hewa iliyomo ndani ya duara nayo huchochea chembe sahani, ndiyo maana duara la mrija wa hospitali lilizunguka sambamba na la mteja kila mara. Hapo tofauti ikaonekana. Kwa mchangiaji baada ya mwingine, mrija wa mteja ulipoteza chembe sahani nyingi zaidi. Tulipoukata na kuuangalia kwa darubini, upande wa ndani ulikuwa na mikwaruzo myembamba iliyofuata urefu wa mrija. Ilitokana na kalibu ya kiwanda, kile kinywa cha chuma ambacho plastiki ya moto hupitia. Wakaisugua na kuing'arisha, wakaleta mkupuo mpya, na pengo likapungua sana.

Ripoti niliiandika kwa vipimo vitatu, na kwenye safu ya komplementi nikaandika "haijapimwa". Mteja aliipitia akanyamaza kidogo.

"Madam, hapo huwezi kuacha wazi tu?"

"Siwezi, mzee."

Alilalamika kuhusu gharama, na nilimwelewa. Vipande vya mkupuo mpya ameshavituma ng'ambo, kwenye maabara yenye ithibati inayopima SC5b-9, alama ya komplementi iliyoamshwa, pamoja na nakala ya ripoti yetu.