Uzamili wa likizo: nilivyopima usomaji kwa saa ya simu

Wenzangu huniuliza niliwezaje kusomea uzamili wa elimu maalumu katika Chuo Kikuu cha Kenyatta bila kuacha kazi. Hilo ni jepesi: tulisoma wakati wa likizo, karo nikakopa sacco, na baba watoto akajua kusonga ugali. Kazi hasa ilikuwa tasnifu.

Nilitaka kuchunguza disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma maneno, katika Gredi ya Nne. Vitabu nilivyopata vilitoka Marekani na Uingereza, na majaribio yake mengi yalihesabu makosa. Kwa Kiingereza inafaa, maana tahajia yake ni kizungumkuti. Kiswahili husomwa kinavyoandikwa. Mtoto aliyeshika silabi hakosei sana, anachelewa.

Mvulana mmoja alikutana na "alichokinunua". A... li... cho... ki... nu... nu... a. Kila silabi sahihi. Nikamuuliza ni nani aliyenunua. Kimya. Alipofika mwisho wa neno, mwanzo wake ulikuwa umeshamtoka. Kwa jaribio la makosa, huyo amefaulu!

Nikamwambia msimamizi nitapima kasi pia. Akanijibu, "Mwalimu, si kila anayesoma polepole ana disleksia." Hapo alinena kweli. Kwa hiyo watoto walianzia kituo cha upimaji, wakaangaliwa macho na masikio. Nikapekua rejista kuwatoa waliokosa shule sana. Kisha nikawasomea hadithi na kuwauliza maswali kwa mdomo, kwa kuwa wengine Kiswahili walikikuta shuleni. Niliowataka ni wale wanaoelewa vizuri wakisomewa, lakini wakisoma wenyewe wanakwama. Hao niliwapa maneno halisi na mengine ya kubuni, kama "dabiko" na "ng'emute", ili asiwepo wa kusoma kwa kukariri. Saa ya simu ikahesabu sekunde.

Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, niliomba mtandaoni. Sahihi za wazazi ndizo zilizonitoa jasho: wengi walidhani mtoto anapelekwa shule maalumu. Barua haikusaidia kitu, ikabidi niwafuate majumbani na sokoni, mmoja mmoja.

Kufundisha ndiko nilikokufurahia. Nilikata kadi za manila: nafsi (a) nyekundu, wakati (li) bluu, kirejeshi (cho) kijani, yambwa, yaani kinachotendwa (ki), njano, shina la kitenzi jeupe. Mtoto anatafuta kadi nyeupe kwanza, "nunua", anajua habari ni ya kununua, ndipo anapanga vingine mbele yake. Neno refu likawa vipande vitano vyenye maana, si silabi saba zisizo na mwenyewe.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja aliuliza kama kadi hizo zingewafaa watoto hao kwa Kiingereza. Nikasema Kiingereza kina kazi yake, na mimi sikukipima. Wakanipitisha kwa masharti ya kurekebisha majedwali ya sura ya nne, nikayamaliza likizo iliyofuata.