"Mwacheni alale, itamtoka"

Mpwa wangu ameanza chuo huku Marekani na keshaalikwa kwenye nyumba ya fraterniti, vile vyama vya wanafunzi wa kiume vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Akanipigia kuniuliza ajiunge au asijiunge. Sikumkataza, kijana wa miaka 18 ukimkataza ndio kwanza anakwenda. Nilimsimulia habari za Timothy Piazza.

Timothy alikuwa na miaka 19, anasoma chuo kikuu cha Penn State. Februari 2017 wanachama wapya wa fraterniti aliyojiunga nayo walinyweshwa pombe mbiombio, kituo baada ya kituo. Usiku ule akaanguka kwenye ngazi za kushukia chini ya nyumba. Kamera za humo ndani zilinasa wenzake wakimbeba, wakimlaza kwenye kochi, wakimvisha begi la mgongoni lenye vitabu ili asilale chali akapaliwa na matapishi.

Hilo begi ndilo linalonikera. Anayemvisha mlevi begi anajua kabisa kwamba mtu anaweza kufa. Lakini simu ya 911, namba ya dharura ya huku, ilipigwa kesho yake asubuhi, zikiwa zimepita karibu saa 12 tangu aanguke. Alifariki Februari 4.

"Si angekataa tu, Mjomba?" Akatae vipi, mbele ya watu anaotaka wamwite ndugu? Mwaka 2021 huko Ohio, Stone Foltz alipewa chupa nzima ya wiski aimalize. Akarudishwa kwake, akaachwa. Aliyemkuta hali mbaya ni mwenzake wa nyumba.

Watu hudhani ukiacha kunywa ulevi unaanza kushuka. Wapi! Iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu, na ini halina haraka: kinywaji kimoja hulichukua kama saa nzima. Kahawa haisaidii, wala kumwagiwa maji baridi. Kwa hiyo nikamwambia: mtu akizidiwa na pombe, mfinye, mwite jina. Haamki, au anavuta pumzi chini ya 8 kwa dakika, au midomo imegeuka rangi, mgeuze ubavu, piga 911, usimwache peke yake. Umri wa kunywa huku ni miaka 21, ndiyo maana vijana wanaogopa polisi, ila majimbo mengi yana sheria inayomlinda anayeomba msaada.

Akasema mwaliko wa Ijumaa ni wa chakula tu. Sawa. Nimemwomba namba ya simu ya mwenzake wa chumba, na kanitumia, huku akilalamika.