Mifupa ya Miguu Inapofichua Ugonjwa wa Erdheim-Chester

Tangu nianze kusoma picha za mionzi, hakuna ugonjwa adimu ulionivutia kama huu, ulioelezwa mwaka 1930 na William Chester alipokuwa akifanya kazi na Jakob Erdheim mjini Vienna. Seli za kinga ziitwazo histiosaiti hujikusanya zisipostahili, hasa katika mifupa mirefu ya miguu.

Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha mfupa wa paja karibu na goti, pamoja na mfupa wa muundi, ukiwa mweupe na mzito kupita kiasi, tena katika miguu yote miwili kwa namna inayolingana. Ulinganifu huo ndio ninaouthamini kuliko dalili nyingine yoyote, kwa kuwa saratani iliyosambaa mifupani mara chache hujipanga hivyo. Kipimo cha teknesiamu 99m, ambapo mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo inayofuata mahali mfupa unapojijenga, hung'arisha maeneo hayo hata kwa mtu asiyesikia maumivu. Kipimo cha PET, kinachofuatilia matumizi ya sukari mwilini, huonyesha zaidi ya mifupa: moyo, mishipa mikubwa, na mwitikio wa matibabu.

Hata hivyo lazima kinyama kikatwe na kuchunguzwa, na jeni ya BRAF, inayosaidia kuongoza ukuaji wa seli, itazamwe, kwani zaidi ya nusu ya wagonjwa wana badiliko la jeni hiyo liitwalo V600E, ambao kwa ajili yao Marekani iliidhinisha dawa ya vemurafenib mwaka 2017. Kwa hiyo nawasihi madaktari wenzangu: mtu mzima akilalamikia magoti yote mawili bila sababu inayoeleweka, agizeni picha ya miguu yote miwili, si ule unaouma zaidi tu.