Siku moja kwenye kituo cha kukagua boti, Twin Falls

Saa 12:00 asubuhi

Kituo hiki cha jimbo la Idaho, Marekani, huzuia kome vamizi, viumbe wadogo wenye magamba wanaosafiri wakiwa wamejibandika kwenye boti. Kabla ya boti kuja, yanaandaliwa maji ya moto ya kuwaua. Mashine ya kuoshea ina tangi, pampu na jiko la dizeli linalopasha maji yakielekea kwenye mpira. Namba inayotawala siku nzima ni nyuzi 60 za Selsiasi. Vipimajoto vya hapa Idaho vitakuandikia 140, kwa Fahrenheit. Kome akikaa kwenye joto hilo kwa sekunde 10 mfululizo, hafufuki. Lakini nyuzi 60 zinatakiwa pale maji yanapogusa boti, si pale kwenye saa ya mashine inayoonyesha joto. Maji yakiruka hewani sentimita 30 tu yanapoteza kati ya nyuzi 8 na 11. Anayetazama saa ya mashine kisha akanyunyiza kwa mbali anawaogesha kome, hawaui. Ndiyo maana kila asubuhi tunapiga maji kwenye ubao kwa umbali uleule wa kazi, tunapima pale yanapotua, halafu ndipo tunapandisha moto wa jiko.

Vingine vinakaguliwa haraka: mkeka wa kukusanyia maji machafu, tochi, kioo chenye mpini mrefu, vikombe vya mpira vya kulishia injini maji, nyaya za lakiri, tableti iliyochajiwa.

Saa 1:00

Kituo kinafunguliwa kando ya barabara ya US-93. Barabara hii si ya kubahatisha. Ukiifuata kusini inakupitisha Nevada hadi Lake Mead, ambako kome aina ya quagga waligunduliwa Januari 2007. Asili yao ni upande wa Ukraine, kwenye maji yanayomwagikia Bahari Nyeusi. Walifika Maziwa Makuu ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 ndani ya maji ya uzito ya meli, na kutoka huko wakavushwa nchi kavu na trela za watu wa kawaida wanaoenda likizo. Boti iliyotolewa Lake Mead jana jioni inaweza kuwa hapa leo mchana, bado ina unyevu.

Septemba 2023 wakaonekana hapahapa, ndani ya mto Snake, Twin Falls. Snake unaingia Columbia, na kwenye mto huo wote kuna mabwawa ya umeme, mifereji ya mashamba na, kuanzia hapa hadi Hagerman, mabwawa ya kufugia samaki aina ya trauti. Kome hawa hujibandika kwa nyuzi zao kwenye chochote kigumu, kisha juu ya wenzao, hadi bomba linazibika.

Maswali kwa dereva ni manne: boti imetoka maji gani, ilitoka lini, ilikaa nje siku ngapi, inakwenda wapi. Swali la "umeisafisha?" halina faida, kila mtu husema ndiyo.

Saa 2:30

Ukaguzi wenyewe. Boti ndogo ya kuvulia huchukua dakika 10 ikiwa kavu. Tunaanza na kizibo cha kutolea maji upande wa tezi, yaani nyuma ya boti. Kikiwa bado kimefungwa, tayari tuna habari. Kinafunguliwa, na kinachotoka kinatazamwa: matone mawili au mchirizi?

Baada ya hapo ni kazi ya vidole. Kome mkubwa utamwona kwa macho, urefu wake sentimita mbili au tatu. Wale waliojibandika wiki chache zilizopita huwaoni, ila ukipitisha kiganja kwenye ubavu wa boti unahisi msasa mahali palipotakiwa kuwa laini. Mikono inapita kwenye mstari wa maji, nyuma ya vibao vya kusawazishia, kuzunguka rafadha (propela), kwenye matundu ya kunyonyea maji ya injini na nyuma ya kifaa cha kupimia kina. Kwenye trela hakikisha unaangalia zulia la mbao zinazobeba boti, magurudumu madogo ya kuteleza, na ndani ya mabomba ya fremu. Kioo na tochi ni kwa ajili ya mabomba hayo.

Nanga na kamba husahaulika. Kamba iliyoloa iliyotupwa ndani ya kasha la omo, yaani mbele ya boti, hukaa mbichi siku nyingi kuliko boti yenyewe.

Saa 4:00

Hapa ndipo mabishano yanapoanzia karibu kila siku, na karibu kila siku ni kwa sababu ya boti ileile: ile ya michezo, inayong'aa, yenye matangi ya ndani yanayojazwa maji ili iwe nzito na kutengeneza wimbi kubwa. Mwenyewe ameipiga nta. Hakuna gamba hata moja. Anaambiwa inaoshwa, na anauliza kwa nini yule mwenye boti kuukuu yenye matope ameachwa aende.

Jibu ni kwamba boti kuukuu imekauka tangu mwezi uliopita. Yake, pampu inapomaliza kutoa maji, hubakiza lita kadhaa chini ya tangi ambazo haziwezi kufika kwenye mdomo wa pampu. Mabuu wa quagga wana udogo wa chini ya robo milimita, wanaelea, na jike mmoja anaweza kutoa hadi mayai milioni moja kwa mwaka. Katika joto la kiangazi mabuu ndani ya tangi wanamalizika baada ya siku chache. Hali ya hewa ikipoa wanaweza kudumu wiki kadhaa. Tukiwekewa boti mbili, moja ina magamba makavu na nyingine ina ndoo ya maji, tunaanza na ya ndoo ya maji.

Matangi hayaoshwi kwa nyuzi 60. Pampu na vali zake za plastiki hazivumilii, na ukiziunguza bili inakuja kwa kituo. Humo tunaingiza maji ya nyuzi 49, lakini yanakaa sekunde 130, kisha pampu ya boti yenyewe inayatoa ili nayo ipate joto. Kosa la kawaida ni kuanza kuhesabu maji yanapoanza kuingia. Tangi ni la baridi, hunywa joto la mwanzo lote. Hesabu inaanza pale maji yanayotoka yanapofikia nyuzi 49. Ngama, yaani tumbo la boti panapokusanyika maji, na tangi la samaki hai hufuata utaratibu huohuo.

Injini inavalishwa vikombe vya mpira, inawashwa bila gia, inalishwa maji moto. Kipimajoto kinashikwa pale maji yanapotokea. Usiwashe injini kabla maji hayajaanza kupita. Pampu yake ndogo ya mpira itachanika ndani ya sekunde chache.

Zote pamoja ni dakika 40, wakati mwingine saa nzima. Ukitazama vizuri, ugomvi wenyewe si wa sayansi. Ni saa moja ya likizo ya mtu mwenye watoto wanne nyuma ya gari, na hilo ni dai la haki. Kituo chenye mashine moja siku ya Jumamosi kinatengeneza foleni, na foleni inatengeneza watu watakaotafuta njia ya vumbi wiki ijayo.

Saa 6:30 mchana

Kayak na mitumbwi ya kujazwa upepo. Twin Falls ina ndugu wengi waliotoka Kongo, na wengi wao walilelewa kwenye fukwe za Tanganyika. Uvuvi hawafundishwi na mtu. "Papa, na huu wa upepo nao?" Nao, Mama. Wa upepo usio na injini, ulio chini ya futi 10, hauhitaji stika ya jimbo ya viumbe vamizi, lakini kituoni unasimama. Maji hujificha kwenye mikunjo ya sakafu na chini ya kiti. Ufungue, uumwage, uufute kwa kitambaa, uuanike ukiwa umejazwa upepo, usiukunje mbichi. Vivyo hivyo buti za kuvulia na neti. Anayelijua gugu maji la Ziwa Victoria haelezwi mara mbili.

Saa 7:45

Gamba limepatikana, nyuma ya kibao cha kusawazishia. Kwanza trela haisogei. Pili, gamba halitupwi: linapigwa picha, linaingizwa kwenye kichupa, linaandikwa mahali na saa. Kuna njia rahisi ya kumtofautisha quagga na ndugu yake, kome pundamilia: lisimamishe mezani kwa upande wa chini. Kome pundamilia ana tumbo bapa na anasimama. Quagga ana tumbo la mviringo na anaanguka. Wadogo hudanganya, kwa hiyo uamuzi wa mwisho ni wa maabara.

Kisha presha kubwa ya kubandua, lakini baada ya maji moto, kamwe si kabla. Ukibandua kome hai kwa presha unamrusha akiwa mzima kwenye changarawe, na nyuzi zake zinabaki kwenye boti, ambapo mkaguzi wa kituo kinachofuata atazikuta na kuanza upya.

Saa 9:30 alasiri

Zamu inahamia chini ya korongo, Centennial Park, ambako boti zinaoshwa zikitoka mtoni. Kazi ni ileile, swali ni jingine. Mapema Oktoba 2023 jimbo liliweka dawa ya shaba kwenye sehemu hii ya mto. Iliua kome, na iliua tani kadhaa za samaki, wakiwemo sturgeon weupe walioishi humu miaka mingi. Septemba 2024 kome wakaonekana tena, na dawa ikarudiwa. Wavuvi wanauliza kama tunaua mto ili kuuokoa. Wakulima wa mifereji wanauliza gharama ya mabomba yao yakiziba. Wenye biashara za kukodisha kayak wanauliza kwa nini geti lao ndilo linalofungwa kwanza.

Majibu hayaishi, lakini kwenye suala la wapi pa kuweka mashine tuna msimamo. Boti zinazoingia jimboni kwa barabara zote ni maelfu, na nyingi ni kavu. Zinazotoka hapa ni chache, na kila moja imelowa maji yanayojulikana kuwa na historia. Kama kuna mashine moja tu, iwekwe kwenye mlango wa kutokea.

Boti ikishaoshwa, waya wa lakiri unafungwa kati ya boti na trela. Ukikatika njiani, ukaguzi unaanza upya kama hakuna lililofanyika.

Saa 1:00 jioni

Jiko linazimwa, pampu inaendelea kusukuma hadi maji yatoke baridi. Ukizima vyote pamoja, koili inabaki ikichemka bila maji kupita. Mpira unamwagwa. Maji ya mkeka yanavutwa kwenda tangini, hayaelekezwi mtoni. Fomu zinatumwa.

Huko juu US-93 taa za bango zimezimwa. Sheria inamtaka mwenye boti asimame kituo kikiwa wazi, na kikifungwa anapita. Wanaoijua barabara hii vizuri huondoka Nevada baada ya chakula cha jioni.