Siku 59 za kulala kwa baba

Hakimu alifunga jalada la ombi langu la kuhamia nchi jirani na mtoto, akaniuliza swali moja tu: "Mtoto atamwona baba yake siku zipi?"

"Tutapanga, Mheshimiwa."

Shauri likaahirishwa wiki tatu.

Nilikuwa nimebeba mkataba wa kazi katika nchi jirani, barua ya shule na picha za nyumba ya kupanga. Karatasi zote zilieleza kwa nini nahama; kuhusu mzazi anayebaki, hata aya moja haikuwepo. Wakili alikuwa amenionya, nikadhani anakuza mambo. Kumbe ombi la aina hii huzama hapo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 9, unamlinda mtoto aliyetengana na mzazi aendelee kukutana naye mara kwa mara, isipokuwa kama kukutana huko ni kinyume cha maslahi yake. Haki ni ya mtoto, kwa hiyo mimi sikuwa na ubavu wa kuisamehe kwa niaba yake.

Nilikuwa pia nimeshalipa ada ya shule mpya kabla baba yake hajapewa taarifa rasmi. Ujumbe wangu wa simu, "tunaondoka, utake usitake", ulirudi mahakamani ukiwa kielelezo. Taarifa ilipaswa kuwa barua yenye tarehe ya kuhama, anwani mpya, sababu, ratiba inayopendekezwa na muda wa kujibu.

Jioni ile wakili alinipa kalenda na penseli. "Hesabu anakolala, mama." Kwa baba yake alilala kila wikendi ya pili, Ijumaa na Jumamosi: mara 26, siku 52. Wiki moja ya likizo: 7. Jumla 59. Rasimu yangu ya kwanza iliziacha wikendi zote 26 kama zilivyo, nikijiona mkarimu. Wakili akaikata. Safari ilichukua muda wa saa nane kwenda na nane kurudi. Mtoto wa miaka minane angechoka kabla ya mwezi wa tatu, ratiba ivunjike, nami nirudishwe mahakamani kwa kukiuka amri niliyoiomba mwenyewe.

Tukaandika upya. Wikendi moja kwa kila mwezi wa masomo, miezi 9: siku 18. Likizo ndefu, siku 30. Likizo mbili fupi, wiki moja moja: 14. Jumla 62. Baba alikuwa pia akimchukua shuleni kila Jumatano. Hilo halikuwa na mbadala, na tuliandika hivyo hivyo bila kulipamba.

Yaliyobaki yalichukua muda mrefu kuliko hesabu: nani alipe nauli ya safari ipi, mtoto akabidhiwe wapi, saa ngapi, nani aarifiwe usafiri ukichelewa, na siku zilizopotea zifidiwe lini. Simu za video Jumanne, Alhamisi na Jumapili, apige baba, mtoto akiwa chumba peke yake. Pasipoti ikae kwangu, isafiri na mtoto.

Niliuliza kama ningeweza kutangulia kisha ruhusa ifuate. Wakili aliweka kalamu chini. Chini ya Mkataba wa Hague wa 1980, kati ya nchi zinazoutumia, mtoto wa chini ya miaka 16 aliyehamishwa kinyume cha haki ya ulezi ya mzazi mwingine kwa kawaida huamriwa arudishwe alikokuwa akiishi, hasa ombi likiletwa kabla ya mwaka kupita. Ukitangulia unaanza kesi ukiwa mkosaji. Akaongeza sharti ambalo nisingelifikiria: amri yetu itambuliwe na mahakama ya kule tuendako kabla hatujavuka mpaka, maana bila hivyo baba angebaki na karatasi isiyo na nguvu kule.

Siku ya kusikilizwa, hakimu alianza na kurasa za ratiba. Mkataba wa kazi hakuufungua. Akamuuliza baba kama ana la kuongeza. Aliomba jambo moja: ripoti za shule na za hospitali zimfikie moja kwa moja, zisipitie kwangu.

Wakili aliniinamia. "Hilo tungeliandika sisi," akanong'ona, huku hakimu akiliingiza kwa mkono pembeni mwa ukurasa wa pili.