Baiti zote sahihi, programu inaanguka

Kompaila yangu ndogo (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa) imezoea kutoa faili kamili: tafsiri kwanza, endesha baadaye. Leo nikaifundisha kutafsiri papo hapo, programu ikiwa inaendelea.

Kwenye x86-64, yaani prosesa za Intel na AMD, mteremko.

B8 2A 00 00 00 C3.

Baiti sita tu: weka 42 kwenye EAX (kijisanduku cha namba ndani ya prosesa), rudi. Nikaruhusu ukurasa wa kumbukumbu uendeshwe, nikauita, 42 hiyo hapo!

Nikahamia ARM64, aina nyingine ya prosesa, na maagizo yake yenyewe. Inaanguka. Naendesha tena, inapita. Tena, inaanguka.

Nikiipeleka hatua kwa hatua kwenye dibaga (zana ya kusaka makosa), inatulia kama mtoto aliyeona mgeni.

Saa nne nzima nakodolea baiti ambazo hazina kosa hata moja 😩

Kumbe nilikuwa naandika maagizo mapya juu ya ukurasa uleule, na prosesa bado inasoma ya zamani kwenye kashe yake, ile kumbukumbu yake ndogo ya haraka. x86 hulishughulikia hilo yenyewe. ARM inangoja uiambie.

Dawa yake mstari mmoja wa kuiambia iyasahau ya zamani: __builtin___clear_cache.

Nimecheka peke yangu kama chizi.

Nani mwingine kashawahi kuchezewa na kashe? Semeni, nisijione mjinga peke yangu 😂