Lengo la Milioni 15

Binti wa kaka yangu amechaguliwa mwenyekiti wa kikoba chao, kikundi cha kuweka na kukopa, na jana akanitumia ujumbe: "Shangazi shikamoo. Malengo ya mwenyekiti yanaandikwaje?" Hapo hapo nikakumbuka Muheza, kwenye baraza ya ile shule ya chekechea, mimi nikiwa mwenyekiti wa kikoba chetu, siku tuliyobishania milioni 15.

Mzunguko ulikuwa ndiyo unaanza. Mgao wa akiba za mwaka uliopita umeshapita, sanduku tupu, funguo tatu ziko kwa watu wapya watatu. Tulikuwa wanachama 28. Hisa moja ilikuwa Sh 2,000, na kwa wiki mtu ananunua kuanzia 1 hadi 5. Mweka hazina akasimama na pendekezo: mwaka huu tufikishe milioni 15, tuwe na sura ya kwenda kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambao 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Makofi yakapigwa. Katibu akaiandika kwa herufi kubwa kichwani mwa ubao.

Nikaomba chaki. Sikuwa na neno baya juu ya milioni 15, nilitaka tu tujue inadai nini na inamdai nani. Nikaandika chini yake: wote 28 wakinunua hisa 5 kila wiki, bila hata mmoja kukosa, ni Sh 280,000. Kwa wiki 48 ni Sh 13,440,000. Yaani hata tukikamilika kila wiki, riba na faini ukiziweka kando, hatufiki. Kisha nikafungua daftari la mzunguko uliopita na kusoma hesabu bila kutaja majina. Wanachama 9 walikuwa wanunuzi wa hisa 1, 6 walikuwa wa hisa 5, na 13 waliobaki walizungukia hisa 3. Jumla hisa 78 kwa wiki, Sh 156,000, na kwa mwaka Sh 7,488,000.

"Basi tupandishe hisa iwe 5,000," akasema mama mmoja mshonaji, na wengi wakaitikia. Kwa hesabu alikuwa sahihi. Milioni 15 ukiigawa kwa wiki 48 ni Sh 312,500, sawa na hisa 63 za bei mpya. Hata wale 9 wakiondoka, 19 wanaobaki wangeifikisha kwa kununua hisa 3 na kitu kila mmoja.

Hapo ndipo akanyanyuka bibi yetu muuza mihogo ya kukaanga. Hakulalamika. Aliniomba niandike ubaoni: kwa wiki, akishatoa mihogo, mafuta na mkaa, anabakiwa na kama 12,000, na chakula cha nyumbani ni humo humo. Nikaandika. Akaniambia niandike na 5,000 pembeni yake. Nikaandika. Akaniuliza, "Mama Mwenyekiti, katiba yetu inasemaje mtu asiponunua hisa wiki tatu mfululizo?" Inasema anajadiliwa, na kujadiliwa kwetu kulimaanisha kurudishiwa hisa zake na kuaga. Akakaa. Kila mtu akaelewa kwamba ile bei ingewatoa watu kikundini bila mtu yeyote kupiga kura ya kuwatoa.

Nilikuwa nimekuja na ukurasa wangu wa malengo, nikausoma. Ulikuwa na safu nne: ninachokiamini, tendo linaloonekana, kipimo, na kitu ambacho sitakifanya hata kama kingenifikisha kwenye kipimo. Safu ya nne ndiyo ninayoitetea mpaka leo. Chukua marejesho. Kiongozi akiandika tu "marejesho asilimia 100", zipo njia tatu za kuzifikia na zote ni mbaya: kumnyima mkopo mwenye biashara ndogo, kwenda kumbebea mtu masufuria yake, au kumpa mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani. Hiyo ya tatu ni hatari kuliko zote, kwa sababu daftari linaonekana safi huku deni likinenepa. Kwa hiyo mstari wangu ulisomeka hivi: naamini aliyekwama hastahili kudhalilishwa, anayeona atachelewa aseme kabla ya tarehe, si baada, mikopo iliyopitiliza isizidi 2 mwisho wa mwezi, hatuchukui chombo cha ndani cha mtu wala hatukopeshi kuficha deni.

Mwingine ulihusu maombi ya mkopo. Anayekataliwa aambiwe sababu mbele ya wote kabla sanduku halijafungwa. Ombi lisilojibiwa siku hiyo: 0. Viongozi hatukutani pembeni kuamua.

Wapo wanaodhani imani ya mtu haipimiki. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, hayakuishia kusema kiongozi awe mwadilifu. Yalisema asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Unaweza kuyakubali au kuyakataa, lakini jirani yako akikutazama anajua kama umeyatimiza. Andika kwa namna hiyo.

Lengo langu la hisa lilikuwa dogo machoni pa wengi: wastani wa hisa 80 kwa wiki, upimwe kwenye miezi ambayo machungwa yamekwisha, na siku ya mgao tuwe 28 wale wale. Muheza msimu ukipamba kila mtu ana pesa. Lengo linalopangwa msimuni humwaibisha mtu msimu ukiisha.

Tulipiga kura ya siri, punje ya harage kwa kupandisha, ya hindi kwa kubaki. Mahindi 17, maharage 11. Bei ikabaki 2,000.

Mwaka ulikwenda. Siku ya mgao tulikuwa 28, na wastani wa hisa ulitimia. Lakini kabla ya mzunguko mpya wanne walitoka, mama mshonaji akiwa mmoja wao, wakaanzisha kikoba cha hisa ya 5,000. Hakuondoka kwa ugomvi. Alitaka milioni 2 za mashine ya kudarizi, na kwetu mkopo ni mara tatu ya hisa zako. Mnunuzi wa hisa 5 kila wiki anafika nusu mwaka akiwa na 240,000, anakopa 720,000. Hata wiki ya 48, mwisho wake ni 1,440,000. Aliniambia, "Mwenyekiti, ukurasa wako una mstari wa anayechelewa. Wa anayetangulia uko wapi?" Nilimjibu kwamba ukomo wa hisa 5 upo ili mmoja asije akawameza wengine. Jibu lile ni la kweli, na swali lake pia lilikuwa la kweli.

Nimeliwaza mara nyingi. Vipo vikundi vinavyomruhusu mwanachama kupita mara tatu ya hisa zake akileta wadhamini wawili ambao hisa zao hazijakopewa. Tuliliweka kwenye ajenda ya mzunguko uliofuata. Bibi wa mihogo akauliza: mdhamini akipoteza hisa zake, zitarudishwa na nani, na kwa muda gani? Watatu walijaribu kumjibu, kila mmoja na lake, na kikao kikaahirishwa bila uamuzi.